Saa Mbili za Karani

Juzi alikuja ofisini kwangu mzee mmoja, mkulima wa korosho na mihogo, mtu wa parokia yetu hapa Tumbi. Alipiga hodi, nikamwamkia, akaketi katika benchi. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole. Ndani mlikuwa na fedha. Nilidhani amekuja kulipa zaka, nikavuta daftari.

"Weka daftari lako, karani," akasema. "Mjukuu wangu atapata Kipaimara mwezi ujao, na Januari anakwenda shule ya bweni. Nataka kumnunulia saa ya mkono. Lakini vijana wa dukani wamenichanganya. Mmoja anasema nunua saa ya wazamiaji, isiyo na betri, itadumu mpaka mjukuu naye awe babu. Mwingine anasema achana na hiyo, nunua ile yenye mishale na tarakimu pamoja, ina kengele na taa. Nimesikia wewe unazo zote mbili. Nishauri."

Ni kweli ninazo zote mbili, na wako wanaonicheka kwa hilo. Nilimwomba mzee arudi baada ya siku tatu, maana jibu lake si la maneno mawili. Alipokwisha kwenda nikawaza kwamba huenda hata nyumbani kwako, msomaji, swali hilo lipo. Basi nimeyaandika hapa yale niliyomwambia. Majina ya viwanda vilivyotengeneza saa zangu sitayataja, maana sikutumwa na mwenye duka yeyote.

Yafaa kwanza unijue. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha miaka michache, na sasa ni karani wa parokia. Naandika vitabu vya ubatizo na ndoa, napokea wageni, na napiga kengele ya kanisa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifundisha maana ya saa.

SAA YA KAKA YANGU

Saa ya kwanza nilipewa na kaka yangu mwaka 2016. Yeye ni baharia katika vyombo vya Mafia, na aliivaa miaka mingi kabla ya kunipa. Ni nzito, ya chuma, uso wake mweusi, na alama zake hung'aa gizani. Kuzunguka kioo ina pete yenye kuandikwa dakika, na pete hiyo hugeuzwa kwa vidole.

Haina betri. Ndani yake mna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliokunjwakunjwa, nao ukijifungua pole pole ndio uisukumao saa. Zamani baba zetu walizitia saa zao ufunguo kila jioni kwa vidole. Hii hujitia ufunguo yenyewe: mna kipande cha chuma mfano wa nusu mwezi, na kila utupapo mkono, katika kutembea au katika kulima, kipande hicho huzunguka na kuikaza kamani. Ukiivua na kuiweka mezani, itakwenda muda wa saa arobaini hivi, kisha itasimama. Likumbuke jambo hilo, maana nitalirudia kwa aibu.

Gurudumu dogo la ndani huenda huku na huko, na katika saa nyingi za namna hii hupiga mara sita kila sekunde. Kwa siku nzima ni mapigo 518,400. Kwa sababu hiyo mshale wake wa sekunde huteleza kama maji, hauruki hatua kwa hatua. Mtu akikuuzia saa na kuapa kwamba ni ya kamani, nawe ukaona mshale wa sekunde unaruka mara moja kila sekunde, ujue ndani mna betri.

Lakini chuma ni chuma. Hutanuka kwa joto, hulegea, mafuta yake hukauka. Saa ya kamani ya bei nafuu ikikosea sekunde ishirini kwa siku haijaharibika, ndivyo ilivyoumbwa. Tusiidharau kwa hilo. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo kukosea ishirini ni kukosea hatua moja katika hatua 4,320. Ni nani kati yetu afanyaye kazi yake hivyo? Hata hivyo kwa mwezi mzima makosa hayo hufika dakika kumi, na dakika kumi zatosha kukukosesha basi la Dar es Salaam.

Sasa, mbona iitwe ya wazamiaji? Saa za kisasa za kazi hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1953 huko Uswisi. Wajapani wa kampuni ya Seiko wakatoa ya kwao ya kwanza mwaka 1965, na baadaye wakazifanya za bei ambayo hata baharia wa kawaida aliweza kuikusanya. Kipo kiwango cha kimataifa kinachosema ni saa gani ina haki ya kuitwa ya mzamiaji: istahimili maji angalau kwa kina cha mita 100, isomeke gizani, na iwe na njia ya kuhesabu dakika za kukaa chini ya maji.

Njia hiyo ndiyo ile pete. Mzamiaji kabla ya kushuka hugeuza pete mpaka alama yake kubwa ikae mbele ya mshale wa dakika. Akiisha kushuka, kila atazamapo huona ni dakika ngapi zimepita tangu aanze kutumia hewa ya mtungi wake. Tena pete hiyo hugeuka upande mmoja tu, wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu ikigongwa na jiwe au na mtumbwi ikasogea, itasogea upande wa kuonyesha kwamba muda mwingi zaidi umepita. Basi mzamiaji atapanda mapema, wala hatabaki chini akidhani ana hewa ambayo hanayo. Waliotengeneza walijua kwamba kosa litatokea siku moja, wakalipangia litokee upande wa usalama. Mimi nimelipenda sana jambo hilo.

Utaniuliza, wewe karani wa Tumbi unazamia wapi? Sizamii popote. Maji yetu makubwa ya karibu ni mto Ruvu, na ya Ruvu yana mamba. Lakini pete yangu haikai bure. Naigeuza mke wangu anapoinjika maharage. Naigeuza kwaya ianzapo mazoezi, maana waimbaji wetu wakianza hawajui kuacha. Na siku moja niliigeuza mwanzo wa mahubiri. Ilifika wapi sitasema, nami naomba radhi kwa padre wetu.

Na yale maandishi ya mita yasikudanganye. Saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuzamia mita 30. Inavumilia mvua na kunawa mikono tu. Ya mita 50 inavumilia kuogelea kidogo. Ya mita 100 ni ya kuogelea, na ya mita 200 ndiyo ya kuzamia. Hayo yote ni ikiwa raba zake za ndani ni nzima, na kifungo cha ubavuni kimekazwa. Ukikisahau wazi, hata beseni la kufulia litakuharibia saa.

KENGELE YA SAA TISA USIKU

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Ilikuwa mwaka 2018. Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, niliivua saa nikaitia katika mtoto wa meza, nikaenda kupalilia mihogo. Nikaisahau humo. Ijumaa nilikuwa na simu, Jumamosi vilevile. Jumamosi usiku umeme ulikatika, na simu ikazimika kwa kukosa chaji. Hapo ndipo penye jibu la yule kijana anayejiuliza sasa hivi kwamba saa ni ya nini na simu ipo.

Jumapili nikashtuka usingizini, giza totoro. Nikapapasa, nikaitoa saa, nikaitikisa kidogo na kuivaa. Nikaona alama zimefifia, nikawasha kibiriti: saa kumi na moja na dakika kumi. Mshale wa sekunde ulikuwa ukitembea vizuri. Nikanawa uso, nikavaa, nikaenda kanisani, nikapiga kengele ya kwanza kwa nguvu zangu zote.

Kumbe saa ilikuwa imesimama tangu Jumamosi alfajiri. Nilipoitikisa ndipo ilipoamka na kuendelea kutoka pale ilipolala. Hata kile kidirisha cha siku kilisema Jumamosi, wala sikukitazama. Saa ya kweli ilikuwa tisa na nusu ya usiku.

Padre akatoka na tochi. "Karani, kuna moto?" Kabla sijajibu nikasikia miguu. Wanaume wanne walikuja na ndoo na mapanga, maana kengele ya usiku wa manane kwetu ni ya moto au ya wezi. Nyuma yao, baada ya muda, akafika bibi mmoja mjane kutoka ng'ambo ya bonde, ameongozana na mjukuu wake wa miaka saba. Bibi huyo huamka kwa kengele, na nyumbani kwake hana saa. Alikuwa amejikwaa njiani gizani, kidole cha mguu kinatoka damu.

Nikamfunga kidole kwa kitambaa changu. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, nisamehe, saa yangu imenidanganya." Akanitazama. Akasema, "Marahaba, mwanangu karani. Mimi nina jogoo tu, na huyo hajanidanganya." Akaketi katika benchi la nyuma na mjukuu wake mpaka kulipopambazuka.

Padre hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: "Kengele ikidanganya leo, siku ya moto hawatakuja." Neno hilo sijalisahau. Nami nilijua kwamba saa haikuwa na kosa. Saa ya kamani ni kama mbuzi wa maziwa: kila siku hudai mkono wako. Ukiiacha siku mbili, usiilaumu.

SAA YA BETRI

Mwaka uliofuata, 2019, nikadunduliza, nikanunua saa ya pili pale Maili Moja. Ni ya plastiki, nyepesi, ina mishale kama saa zote, na chini ya mishale kidirisha cha tarakimu. Ina kengele ya kuamsha, ina taa, ina kipimo cha kuhesabu dakika kwenda mbele au kurudi nyuma. Bei yake haikufika moja ya tano ya bei ambayo ningetakiwa kulipa leo kwa saa mpya ya kamani kama ile ya kaka.

Saa hiyo haina kamani. Yale maandishi QUARTZ unayoyaona usoni pa saa nyingi ni jina la jiwe, kwatzi, ambalo ni ndugu wa mchanga wa kawaida. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba mawe ya namna fulani, kwatzi likiwa mojawapo, yakibanwa hutoa umeme kidogo. Baadaye ikajulikana na kinyume chake, kwamba jiwe hilo likitiwa umeme hutetemeka. Jiwe la ndani ya saa huchongwa dogo sana, nalo hutetemeka mara 32,768 kila sekunde. Watoto wa shule wachukue kalamu: gawa hesabu hiyo kwa mbili, kisha jibu lake kwa mbili, fanya hivyo mara kumi na tano. Utapata moja. Ndivyo saa ifanyavyo ndani yake, na ile moja iliyobaki ndiyo sekunde.

Saa ya mkono ya kwanza ya jiwe hilo kuuzwa duniani ilitolewa na Seiko huko Tokyo siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1969. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, iliyolingana na bei ya motokaa ndogo. Leo mkulima huinunua kwa fedha za magunia machache, nayo ikikosea hukosea kama sekunde kumi na tano kwa mwezi. Ile ya kaka hukosea hivyo kabla jua halijatua.

Tena ilinifaa kwa jambo ambalo waliotengeneza hawakulifikiria. Nyote mnajua kwamba saa zetu za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, si usiku wa manane. Kwa sababu hiyo mshale ukiwa kwenye saba sisi husema saa moja. Mtu mzima amezoea. Hutazama upande wa pili wa uso wa saa akasoma namba inayoelekeana. Lakini mtoto huchanganyikiwa, na wazee wengine vilevile, hasa wakiandikiwa kadi ya kliniki yenye 15:30. Saa yangu ni ya aina ambayo mishale hurekebishwa mbali na tarakimu. Si zote zilivyo. Basi mishale nimeitia saa za Kiswahili, na tarakimu nimeziacha saa za kimataifa. Bibi akiniuliza, namwonyesha mishale. Kadi ikisema 15:30, natazama tarakimu, na mishale inaniambia ni saa tisa na nusu alasiri.

Lakini saa hiyo nayo ina vituko vyake. Ilikuwa imewekwa kulia kila saa moja ikitimia, nami sikujua namna ya kuinyamazisha. Ikalia katikati ya Misa ya mazishi, wakati kanisa zima limenyamaza. Niliifunika kwa kiganja kama mtu aliyeshika panzi. Ushauri wangu: siku uinunuapo, mwombe muuzaji akuonyeshe kitufe cha kuizimisha sauti kabla hujatoka dukani.

La pili ni betri. Betri haikuagi. Mwaka 2022 nilianza kuona kwamba nikibonyeza taa tarakimu zinafifia. Ile ndiyo dalili, wala sikuijali. Wiki ya pili yake saa ikazimika kabisa. Nikampelekea fundi wa njiani, akaifungua, akatia betri nyingine kwa dakika tano, akafunga. Hakuitazama raba, hakuipaka mafuta. Mvua ya kwanza ikaingia ukungu chini ya kioo, ikanibidi kutafuta fundi mwingine. Kwa hiyo ukienda kubadilisha betri, simama hapo hapo, umwambie aitazame raba.

Na betri ya zamani usiiache ovyo. Nawasihi wazazi katika jambo hili. Kile kidonge bapa cha chuma kinang'aa, na mtoto mdogo hukitia mdomoni kama pipi. Kikikwama kooni chaweza kuunguza nyama za koo kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto akimeza, usimtapishe, usingoje kuona kama kitatoka. Mkimbize hospitali mara moja.

USIKU WA MVUA

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisimjibu mzee kwa haraka.

Ilikuwa masika ya mwaka 2023. Binti yetu wa mwisho alikuwa na miezi kumi. Alikuwa na kikohozi siku mbili, kisha usiku wa tatu akaanza kuhema. Mke wangu akaniamsha. "Baba watoto, msikilize huyu. Anapumua mbio." Mimi nikasema ni mafua, tungoje kuche. Mvua ilikuwa inanyesha, njia ni tope, na bodaboda usiku ule asingepatikana kwa urahisi. Nakiri kwamba nilitaka iwe mafua.

Mke wangu alikuwa amefundishwa kliniki jambo moja: mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili, akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Mtoto aliye chini ya miezi miwili, zikifika 60 ni hatari. Wa miezi miwili mpaka kumi na miwili, zikifika 50. Wa mwaka mmoja mpaka miaka mitano, zikifika 40. Ni hesabu za Shirika la Afya Duniani, na kila mzazi anayesoma gazeti hili azikate azibandike ukutani. Akipita hapo, huenda ni homa ya mapafu, wala si ya kungojea asubuhi. Na kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, usihesabu kitu, nenda.

Nikachukua saa ya kaka. Mshale wa sekunde ulionekana gizani vizuri, maana alama zake zilikuwa zimekunywa mwanga wa taa jioni. Lakini nilipotazama saa sikuweza kutazama kifua, na nilipotazama kifua niliupoteza mshale. Mara ya kwanza nikapata 44, mara ya pili 61. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nikachukua ile ya betri, nikabonyeza taa. Taa ikawaka kidogo ikazimika; nikabonyeza tena, ikazimika tena.

Mke wangu akasema, "Si inaweza kulia? Iache ihesabu yenyewe. Wewe tazama mtoto."

Nikaiweka ihesabu dakika moja kurudi nyuma. Nikaibonyeza, nikaiacha juu ya kitanda. Mke wangu akashika tochi na kuinua shati la mtoto, tukahesabu pamoja kwa sauti ndogo mpaka saa ikalia. Hamsini na nane. Tukarudia. Hamsini na saba.

Hapo hapakuwa na la kubishana. Nilimfunika mtoto kwa kanga mbili na turubai, nikamwamsha jirani mwenye bajaji. Tukafika Hospitali ya Tumbi usiku uleule. Mizizi ya hospitali hiyo ni ule mradi wa Kibaha ulioanza mwaka 1963 kwa msaada wa Uswidi na jirani zake wa Nordiki, na kukabidhiwa Serikali yetu mwaka 1970. Muuguzi akamlaza mtoto, akatazama saa iliyobanwa kifuani pake, naye akahesabu. Akatuuliza, "Nyumbani mlipata ngapi?" Mke wangu akajibu hamsini na nane. Akaitikia kwa kichwa, akamwita daktari. Ilikuwa homa ya mapafu. Mtoto alitibiwa, na siku ya tano tukarudi naye nyumbani. Leo ana umri wa kukimbiza kuku.

Baadaye nilijifunza kwamba wahudumu wa afya wa vijiji katika nchi nyingi hupewa kidude kidogo cha UNICEF kifanyacho kazi hiyo hiyo: hulia dakika ikitimia, ili macho yabaki kwa mtoto. Hivyo mke wangu alikuwa amegundua jambo ambalo wataalamu nao walikuwa wamekwisha kulitambua.

JIBU LANGU KWA MZEE

Siku ya tatu mzee akarudi, safari hii na mjukuu. Nikaweka saa zote mbili mezani, nikamwambia hivi.

Mzee wangu, usiulize kwanza ipi ni bora. Uliza nani ataivaa, na itafanya kazi gani. Saa ya kamani ni ya mtu mwenye kuvaa kila siku, mwenye kuirekebisha kila wiki, aliye karibu na fundi anayejua kazi, tena mwenye akiba, maana kila miaka mitano hivi yafaa isafishwe na kutiwa mafuta. Mtu huyo akiitunza itamzika, na mwanawe ataivaa. Haitafuti betri dukani, wala haitakufa ghafla bila wewe kuwa na sehemu katika kifo chake. Ikigongwa vibaya, fundi hubadilisha kipande, haitupwi.

Saa ya betri yenye mishale na tarakimu ni ya mwanafunzi, ya mkulima, ya mama mwenye watoto wadogo. Huwezi kuivua siku mbili ikakudanganya. Hukuamsha, hukuhesabia, na mishale yake humfundisha mtoto kusoma saa ya kweli, si kusoma tarakimu tu. Ikiibwa bwenini, hukuibiwa shamba. Lakini haitakuwa urithi. Siku moja plastiki itapasuka, na fundi atakuambia ununue nyingine.

Na kama ukinunua ya wazamiaji, usinunue ya uongo. Geuza pete: iende upande mmoja tu kwa kuhesabu meno. Fungua kifungo cha ubavuni: kiwe cha parafujo. Tazama mshale wa sekunde kama unateleza. Saa iliyoandikwa mita 200 na pete yake imegandishwa kwa gundi ni bangili tu, si saa ya mzamiaji.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua ya kamani, akaipima uzito, akamwonyesha mjukuu. Kijana aliitamani, niliona machoni pake. Kisha mzee akaniuliza, "Ile usiku ule iliyohesabu pumzi za mwanao ni ipi?"

"Ile ya bei ndogo," nikajibu.

"Basi nimekwisha kununua," akasema, akakunja kitambaa chake. Alipofika mlangoni akageuka. "Na hii ya chuma uitunze, karani, uwaachie watoto. Lakini kila Jumapili, kabla hujagusa kamba ya kengele, kitazame kwanza kidirisha cha siku. Mimi nami nilikuja na ndoo usiku ule."

Sikujua kwamba alikuwa mmoja wa wale wanne. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia.

Basi, wasomaji, hadi leo navaa ya chuma mchana, na ile ya plastiki inalala kando ya kitanda, imewekwa kuniamsha saa kumi na moja kamili. Kengele yetu tangu siku ile haijadanganya.